Kigari cha Mti Mwepesi na Sheria ya Mashindano

Mchezo wa mtoto hudharauliwa na mtu mzima kwa kuwa hauleti unga nyumbani wala haulipi deni dukani. Wallakini atazamaye kwa makini huona kuwa mambo mengi ambayo wakubwa huyapeleka barazani na mahakamani, watoto huyaanza mchangani. Humo mna mali na mpaka wa mali, ahadi na uvunjaji wa ahadi, mashitaka, ushahidi, hukumu na rufani. Kasoro ya mchezo ni kuwa hauna karani wa kuandika, na kwa hiyo historia yake hupotea pamoja na utoto wa wachezaji wake.

Mashindano ya vigari vya mti ni mchezo mmoja wa namna hiyo. Kigari chenyewe hutosha kiganjani. Hakina mashine, hakinywi mafuta, hakina dereva. Huwekwa juu ya mteremko, kikaachwa, kikashuka kwa uzito wake. Lakini maswali yapandayo juu ya magurudumu yake si madogo. Je, mtu aweza kutumia akili yake yote ili ashinde, na bado akakaa ndani ya sheria? Na tena, ni mkono wa nani unaostahili kukitengeneza chombo cha mtoto? Maswali haya mawili yameulizwa katika nchi zilizo mbalimbali sana, na jibu lake hupatikana kwa kufuata safari ya mti mwepesi wa aina mbili: mlingoti wa mkonge na kipande cha msonobari.

Mtu avukaye mto Pangani kwa kivuko kutoka mjini hushukia Bweni, na akishika njia ya kusini hufika Mwera, nchi ya minazi na mkonge, isiyokuwa mbali na pwani ya Ushongo. Upande huo huo wa mto ndiko kuliko Kikogwe, na jina la Kikogwe halisahauliki katika historia ya kilimo cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dakta Richard Hindorf, aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Hivyo ndivyo vilivyopandwa Kikogwe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1898, mimea ilikuwa imezaana ikafika kama 63,000. Na mwaka 1964, katika kilele cha zao hilo, nchi ilitoa kadiri ya tani 230,000 za katani. Vitoto 62 viligeuza sura ya ardhi, vikaita reli na mashine, vikaita na watu kutoka mbali waje kukata majani.

Mkonge huishi miaka mingi bila ya kuchanua. Saa yake ikifika hutoa mlingoti mmoja kutoka katikati, mrefu kuliko paa la nyumba, ukazaa vitoto juu ya matawi yake, kisha mmea wote hufa. Kwa mwenye shamba mlingoti ni habari ya mwisho: mmea uliokwisha kuutoa hauna jani jipya la kukatwa. Kwa mtoto mlingoti ni habari ya mwanzo. Ukikauka huwa mwepesi ajabu, na ndani yake mna nyama laini kama kizibo cha chupa. Kisu cha jikoni huupita bila ya kumtoa mtu jasho, na msumari huingia kwa kugongwa kwa jiwe. Hakuna aulizaye bei yake. Kwa hiyo watoto wa nchi ya mkonge waliufanya kuwa mbao yao: wakachonga malori, mabasi na vidau, magurudumu wakayakata katika soli za malapa yaliyochakaa, au wakatumia vifuniko vya chupa, ekseli ikawa kijiti kilichonyoka au kipande cha waya.

Kielelezo cha kuigwa hakikuwa mbali. Katika mashamba mengi ya mkonge ya upande wa Tanga zilitandikwa reli nyembamba, na juu yake zilipita toroli zilizochukua majani kutoka kondeni mpaka kwenye korona, yaani mashine ya kusagia jani na kulitenga na katani yake. Toroli iliyojaa ilikuwa mwalimu asiyesema. Ilimfundisha mtazamaji kuwa chombo kizito kikianza kuteremka hakisimami upesi. Kuwa gurudumu lisilotiwa mafuta hulia njiani na kuchelewesha safari. Na kuwa chombo kilichopakiwa vibaya huacha njia. Elimu yote ya kutengeneza kigari cha mashindano imo katika masomo haya matatu. Yaliyobaki ni mikono na subira.

Vigari vikiwa viwili, mashindano huzaliwa. Na mashindano yakizaliwa, sheria huzaliwa pacha wake. Sheria ya watoto haina karatasi, lakini si nyepesi. Mstari huchorwa kwa kidole cha mguu, na pua ya kila kigari haina budi kusimama nyuma yake. Kigari huachwa, hakisukumwi, aliyesukuma hurudia. Kilichopinduka kimeshindwa, na mwenyewe hana la kudai. Ipo na sheria nyingine isiyosemwa mpaka imevunjwa: kuwa kigari ni cha aliyekichonga. Mtoto akija na kigari kilichorandwa vizuri mno, chenye magurudumu ya mviringo kamili, wenzake hawakitazami kigari kwanza. Humtazama yeye mikono, wakamwuliza ni nani aliyemtengenezea. Akiwa ni kaka yake aliye fundi seremala, ushindi wake huhesabiwa kuwa ushindi wa kaka, naye huachiwa fedheha yake.

Sheria hizi za mdomo hazikupata mwandishi. Sheria za mchezo ulio ndugu yake ziliandikwa kwingine, na watu wasioijua Mwera, kwa ajili ya mti mwingine mwepesi. Kwa kuwa ziliandikwa, mtu aweza kuzisoma, kuzipima, na kuona zilipotosha na zilipopungua. Hii ndiyo sababu ya kuvuka bahari kidogo, ili kurudi na taa.

Mwaka 1933, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, mpiga picha wa gazeti aitwaye Myron Scott aliwakuta wavulana wakiteremka kilimani ndani ya magari waliyoyaunda wenyewe kwa masanduku na magurudumu ya kuokota. Aliyapenda mashindano yao akayatangaza. Mwaka uliofuata yakawa mashindano ya taifa zima, na mwaka 1935 yakahamia Akron, katika jimbo lile lile. Nayo ndiyo yaitwayo Soap Box Derby, yaani mbio za masanduku ya sabuni. Gari la mbio hizo hupandwa na mtoto mwenyewe, na kwa sababu ya hatari yake uliwekwa umri ambao aliye chini yake hakuruhusiwa kushiriki.

Katika mji wa Manhattan Beach, California, aliishi Don Murphy, mfanyakazi wa kampuni ya ndege ya North American Aviation na kiongozi wa kundi 280C la skauti wadogo. Uskauti wenyewe si mgeni katika Afrika ya Mashariki, kwani Baden-Powell aliyeuanzisha Uingereza mwaka 1907 alifariki Kenya mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri. Mwana wa Murphy alitamani kuingia mbio za masanduku, lakini umri wake ulikuwa haujatosha. Baba mwingine angalimwambia mwanawe angoje. Murphy alilipunguza gari badala ya kungoja mtoto akue. Alifikiri juu ya kigari kidogo cha msonobari ambacho baba na mwana wangeweza kukichonga pamoja, na ambacho kingeshuka juu ya njia ya mbao bila ya kumhatarisha mtu. Kila mtoto alipewa mfuko wenye vitu vile vile: kipande cha mti, magurudumu, na misumari ya kuwa ekseli. Tarehe 15 Mei 1953 mashindano ya kwanza yalifanyika. Mwaka 1954 gazeti la maskauti, Boys' Life, lilieneza habari na michoro yake, na tangu hapo mchezo ukaenea Marekani yote. Wasichana nao walifunguliwa mlango wa skauti wadogo mwaka 2018, wakaingia katika mashindano hayo kwa haki ile ile.

Jambo kubwa alilofanya Murphy si kigari, kwani vigari vilikuwako. Ni mfuko. Kwa kumpa kila mtoto mti ule ule na misumari ile ile, aliondoa katika mashindano swali la nani mwenye mali, akaacha swali la nani mwenye bidii. Kisha sheria ikaja kuulinda mfuko. Vikundi huwa na tofauti zao ndogo, lakini mizizi ya sheria ni mmoja. Kipande cha mti kina urefu wa inchi 7, upana wa inchi 1¾ na unene wa inchi 1¼. Kigari kilichokamilika hakizidi urefu wa inchi 7, wala upana wa inchi 2¾ pamoja na magurudumu yake. Chini ya tumbo lake hubakizwa nafasi ya theluthi moja ya inchi na zaidi kidogo, ili kisikwaruze ubao wa katikati uongozao njia. Uzito wake hauzidi wakia 5, yaani kama gramu 142. Springi na gololi hukatazwa. Chombo chochote cha kukisukuma hukatazwa. Kitu kinachochezacheza ndani yake hukatazwa.

Mtu asiyezoea atadhani kuwa sheria nyingi kiasi hiki huua ufundi. Ukweli ni kinyume. Fundi wa jahazi aliyepewa bahari tu, bila ya kuambiwa shehena wala kina cha maji, hajui aanzie wapi. Aliyeambiwa kina na shehena huanza kufikiri. Sheria ya wakia 5 imezaa maarifa mengi kuliko ambavyo uhuru ungezaa.

Kwanza ni uzito wenyewe. Kipande kizima cha msonobari huwa na gramu 100 na kitu, kwa kadiri ya ukavu wake, na magurudumu pamoja na misumari huongeza kidogo tu. Basi hata kabla ya kuchonga, kigari hakijaufikia mpaka wake, na kila unyoya wa mti unaotolewa na kisu hukizidisha wepesi. Galileo, mtaalamu wa Italia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638 jinsi alivyoteremsha mpira wa shaba katika mfereji wa ubao, akafundisha kuwa, lau si hewa, kizito na chepesi vingeanguka sawasawa. Kwa nini, basi, kigari kizito hukishinda chepesi? Kwa sababu hewa ipo. Upepo unaokikabili kigari kifuani haujali uzito wake. Huzuia chepesi na kizito kwa nguvu moja, bali kizito kina akiba kubwa zaidi ya kuutolea kodi upepo huo. Tena magurudumu hula sehemu ya nguvu kwa kuzunguka kwao, na sehemu hiyo huwa ndogo kwa kigari kilicho kizito. Kwa hiyo fundi huchonga mti mpaka ukawa mwembamba, kisha hurudisha uzito uliopotea kwa vipande vya madini, mpaka mizani iseme wakia 5 wala isizidi hata punje. Zamani risasi ilitumika sana. Siku hizi wengi huitumia tangsteni, ambayo ni nzito kuliko risasi kwa ujazo ule ule na haina sumu ya risasi mikononi mwa watoto.

Pili ni mahali pa uzito. Kigari kinaposimama juu ya mteremko, mkia wake uko juu kuliko pua. Uzito uliowekwa mkiani una kimo kikubwa zaidi cha kushuka, na kimo ndiyo mshahara pekee ambao kigari hupewa; hakuna nyongeza njiani. Kwa hiyo uzito hukusanywa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Lakini tamaa ina mpaka wake hapa pia: ukirudishwa nyuma mno, pua huinuka, kigari kikayumba, na kiyumbacho hugonga ubao wa njia na kupoteza kile kile ilichokitafuta. Mwenye toroli alilijua jambo hili bila ya kitabu.

Tatu ni ekseli. Msumari utokao kiwandani huwa na makovu chini ya kichwa chake na michirizi mwilini, na kila kovu ni mkono unaolishika gurudumu. Mtengenezaji hulitoa kovu kwa tupa, akausugua msumari kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini, na kisha laini zaidi, mpaka ukang'aa kama sindano. Baadaye hutia unga mkavu wa grafiti, uleule uliomo ndani ya penseli. Mafuta ya maji hukatazwa mahali pengi, kwa sababu humwagika katika njia ya wengine. Na hapa sheria inafundisha jambo ambalo halimo katika hesabu, kuwa mtu hana ruhusa ya kujisaidia kwa kitu kitakachomharibia jirani yake.

Nne ni unyofu. Kigari huwekwa juu ya meza iliyo sawa, kikasukumwa polepole. Kikienda upande, msumari mmoja umekaa vibaya, nao hugeuzwa kidogo kidogo mpaka mwendo unyoke. Kazi hii haina utukufu. Haionekani siku ya mashindano kama rangi nyekundu inavyoonekana, na hata hivyo vigari vingi vyenye rangi nzuri hushindwa na vigari vyenye misumari minyofu.

Kazi zote hizi zikimalizika, kigari hupelekwa kwa wakaguzi. Hupimwa katika mizani moja, hupitishwa katika kipimo kimoja, kisha mahali pengi huzuiliwa na kufungiwa mpaka saa ya mbio, ili asitokee wa kukigusa tena. Kilichozidi uzito hakifukuzwi. Mwenyewe hupewa nafasi ya kukipunguza. Baadhi ya mafundi wamegundua kuwa gurudumu moja la mbele likiinuliwa kidogo lisiguse njia, kigari hutembea kwa magurudumu matatu na kupunguza msuguano. Je, huu ni ufundi au udanganyifu? Vikundi vingine huruhusu, vingine hudai magurudumu yote manne yaguse. Hakuna ubaya katika jibu lolote kati ya haya mawili, illa litolewe kabla ya mti kukatwa. Sheria itangazwayo baada ya kazi si sheria, ni mtego.

Pamoja na ulinzi wote huo, liko jambo ambalo mizani haiwezi kulipima. Mizani hujua uzito wa kigari. Haijui mkono uliokichonga. Murphy alitaka baba na mwana wakae meza moja. Mara nyingi baba alikaa, na mwana akasimama pembeni akitazama. Baba mwenye karakana alileta mashine, akakokotoa hesabu, akapaka rangi, na asubuhi ya mashindano akampa mtoto kitu kilichokamilika akichukue mpaka mstarini kama mchukuzi. Vikundi vingi viliona aibu hiyo vikaanzisha mbio za pekee za wazazi, ili baba apate mahali pa kumalizia kiu yake bila ya kunywa katika kikombe cha mwanawe.

Mwisho wa njia hiyo ulionekana Akron mwaka 1973, katika zile mbio za masanduku. Mvulana wa miaka 14 alishinda taji la taifa kwa gari ambalo liliondoka mstarini haraka kuliko kawaida. Watu walishuku, gari likapigwa picha ya eksirei, na puani mwake ikaonekana sumaku ya umeme. Ubao wa chuma ulioyazuia magari mstarini ulipoangushwa mbele, sumaku ilivutwa nao, na gari likapata msukumo ambao wengine hawakuwa nao. Ushindi ulinyang'anywa siku chache tu baada ya kutolewa. Haikuwa hila ya mtoto peke yake: mlezi wake, mtu mzima wa jamaa yake, alikuwa na mkono katika jambo hilo, akafikishwa mbele ya sheria. Mtoto aliyepewa sumaku hakupewa ushindi. Alinyang'anywa hata kushindwa kwake, ambako kungalikuwa mali yake halali.

Sasa taa iliyotoka ng'ambo yaweza kurudishwa katika nchi ya mkonge, maana neno kipimo lina historia chungu katika nchi hiyo. Wafanyakazi walioletwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba. Kazi yao iliandikwa katika kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Na siku ambayo kazi yake haikukubaliwa na msimamizi haikuandikwa, hata kama jua lilikuwa limemchoma mtu tangu asubuhi. Kipimo kilikuwako, hesabu ilikuwako, sheria ilikuwako. Kilichokosekana ni kitu kimoja: aliyepima hakupimwa. Mizani ilikuwa upande mmoja wa meza, na mtu upande wa pili.

Tofauti kati ya kipimo cha shamba na kipimo cha mchezo imo hapo. Katika mashindano ya vigari, mizani moja huwapima wote. Kila mshindani aweza kuutazama mkono wake ukitulia. Na sheria ilijulikana kabla ya kazi. Watoto waliochora mstari kwa kidole cha mguu kando ya mashamba walikuwa wakijitungia serikali ndogo ambayo wazazi wao hawakupata kuiona katika kazi yao: serikali ambamo asukumaye hurudia, awe mtoto wa msimamizi au wa mkataji. Mtu asiseme kuwa huo ni mchezo tu. Aliyeonja kipimo cha haki utotoni hawezi kudanganywa kirahisi ukubwani kwa kuambiwa kuwa kila kipimo ni haki.

Hata hivyo si kweli kuwa usawa wa uzito huleta usawa wa kila kitu. Wakia 5 za mtoto mwenye baba mwenye tupa, msasa na mizani ya nyumbani si sawa na wakia 5 za yatima mwenye kisu kimoja cha kuazima. Mlingoti wa mkonge haukuwa na bei, lakini kisu kilikuwa na bei, na wakati wa kucheza ulikuwa na bei kubwa zaidi kwa mtoto aliyetumwa maji na kuni. Mtu aweza kusema kuwa sheria haina la kufanya hapa. Wala si hivyo. Hapa ndipo mkono wa mkubwa unapopata kazi yake halali. Ukiingia ndani ya kigari kimoja, huharibu mashindano. Ukiingia katika meza ya wote, huyajenga. Mzee mwenye tupa na aiweke barazani, kila mtoto aisugulie msumari wake kwa zamu. Fundi seremala na awaonyeshe wote jinsi ya kushika kisu bila ya kujikata, kisha arudi nyuma. Mwenye mizani na aitoe mapema, mtoto apime, akosee, apunguze, apime tena. Msaada wa namna hiyo hauna mashaka, kwa kuwa haumnyimi mwingine kitu.

Kwa hiyo maswali mawili ya mwanzo yana jibu moja. Sheria na ufundi havigombani pale ambapo sheria ni ya wote na imetangazwa mapema. Na mkono wa mkubwa haudhuru pale ambapo umefunguliwa kwa watoto wote. Mti mwepesi, uwe wa msonobari au wa mkonge, huvumilia makosa mengi ya kisu. Ukikatwa vibaya, mlingoti mwingine uko kondeni, na kesho ni siku. Usichovumilia ni kigari kuwa cha mtu mwingine.

Wahenga walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Kukubali kushindwa si unyonge; ni ushahidi kwamba mtu aliiamini mizani. Mtoto aliyechonga kigari chake mwenyewe, akakiona kimepitwa hatua mbili kabla ya mwisho wa mteremko, hukiokota, hukigeuza tumbo juu, akazungusha gurudumu moja moja kwa kidole, akisikiliza lipi linakwama. Hajapata taji. Amepata la kufanya jioni.